Mjane wa Luka na Mahubiri ya "Mwachie Mungu"

Kuanzia Kahama mpaka Geita sijasikia mahubiri yanayorudiwa kama yale ya "mwachie Mungu." Utayasikia msibani na kwenye mikutano ya injili, hata mlangoni pa ofisi ya kata mtu anapotoka na karatasi yake mkononi. Msingi wake ni Warumi 12:19, ambapo Paulo anawakataza waamini kujilipizia kisasi, kwa kuwa kulipa ni kazi ya Mungu. Na aya hiyo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni jinsi inavyosomwa.

Niseme kwanza nilikotokea, maana mkosoaji naye ana kidonda chake. Mimi na mwenzangu tulikuwa na duara moja huko Geita. Kwa miezi saba nilitoa fedha za chakula cha vijana na za magogo ya kuzuia udongo usiporomoke. Mawe yalipotoka, mifuko ilikwenda karashani usiku, nami asubuhi nikaambiwa duara halikutoa kitu. Nilipotaka kushtaki, mhubiri mmoja akaniwekea mkono begani: mwachie Mungu. Nikamwachia, kwa mdomo. Miaka miwili nikawa naomba huku nikiulizia habari za mwenzangu. Ameugua? Amefilisika? Sisi wa Usukumani tunaijua kazi ya namna hiyo na tunajua hufanywa na nani. Nilikuwa nimemkabidhi Mungu kazi ya mganga.

Sasa msome Paulo huyo huyo katika Matendo ya Mitume. Sura ya 16 amechapwa bakora na kufungwa Filipi bila kuhukumiwa, naye ni raia wa Rumi. Usiku anamwokoa mlinzi wa gereza asijiue. Kulipokucha, wakubwa wa mji wanataka aondoke kimya kimya. Anakataa, waje wenyewe wamtoe. Katika sura ya 25 anakata rufani kwa Kaisari. Wahubiri wetu wanampenda Paulo wa barua, huyu wa mahakamani wamemsahau.

Mjane wa Luka 18 ndiye aliyenishtua zaidi. Hatuambiwi alidai nini, wala adui yake alikuwa nani. Hakuna neno hata moja la kwamba alimchukia. Tunachoonyeshwa ni miguu yake tu: anakwenda, anarudi, anakwenda tena, mpaka yule kadhi asiyemcha Mungu anachoka. Nao ni mfano wa kuomba pasipo kukata tamaa! Yesu alipotaka picha ya mtu anayemtumaini Mungu, alimchukua mama anayesumbua mahakama.

Kwetu jambo hili si la darasani. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, kupisha mgodi mkubwa. Yakatokea madai kwamba zaidi ya 50 walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha. Wanasheria wa mazingira wa LEAT walidai uchunguzi huru, na mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia ikasema haikuona ushahidi wa vifo hivyo. Madai yawe kweli au yasiwe, mama anayesema mwanawe hakurudi nyumbani alistahili kusikilizwa mpaka mwisho. Kumwambia "mwachie Mungu" kabla ya hapo ni kuigeuza aya kuwa kifusi.

Hata hivyo wahubiri wana haki kwa jambo moja, nami sitawanyima: uchungu unakula. Ulinila usingizi, na kidogo uile ndoa yangu. Lakini ulianza kulegea siku niliyofungua shauri mahakama ya mwanzo, bila hati yoyote ya maandishi, nikijua naweza kushindwa. Hapo ndipo nilipopata kitu cha kumwachia Mungu: hukumu yenyewe, na mwisho wa yule mtu, ambao sikuuombea tena uwe mbaya.

Jumanne moja tukakutana gulioni Katoro, amebeba dagaa, amezeeka kuliko nilivyotarajia. Nikamwamkia, "Mwangaluka." Akasita, akaitikia. Akaniuliza kama shauri letu bado lipo Alhamisi. Nikamwambia lipo.