Kusoma Hadi Shimoni

Chukua maelekezo ya namna hii: mahindi, DAP kilo 100 kwa hekta, nafasi sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo. Mwanafunzi wa Kabeza jijini Kigali, jirani na uwanja wa ndege wa Kanombe, atayasoma bila kukwama, kisha afike shambani asijue atie mbolea kiasi gani.

Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown wa Marekani walieleza mbinu ya kusoma ambapo wanafunzi hupokezana uongozi na mwalimu: hutabiri, huuliza, hufafanua, hufupisha. Katika somo la kilimo, mzigo wote uko kwenye kuuliza. Shamba letu ni kubwa kiasi gani? Nchini Rwanda familia nyingi hulima vipande vidogo vinavyohesabiwa kwa are, yaani mita za mraba 100. Kilo 100 kwa hekta ni kilo moja kwa are; shamba la are 6 linataka kilo 6. Shimo je? Nafasi ile hutoa mashimo kama 44,444 kwa hekta, kwa hiyo kila shimo hupata gramu mbili na robo, karibu nusu ya kisoda. Muhtasari ninaoukubali ni huo: nusu kisoda. Anayerudia "kilo 100 kwa hekta" amekariri tu.

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Mwanza ilianza kazi hii ya kuunganisha kusoma na kilimo mwaka 1968, kwa mradi wa majaribio wa UNESCO na serikali ya Tanzania. Watu wazima walijifunza kusoma kupitia vitabu vya kazi zao, kama kilimo cha pamba na cha migomba, na mwaka 1974 likaja gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili wahitimu wasikose cha kusoma. Nauheshimu sana mpango ule. Hata hivyo, mara nyingi vitabu vilimwelekeza mkulima la kufanya, na nafasi ya kuhoji ikawa finyu.

Kigali ina kikwazo kingine: tangu 2009 sekondari husoma kwa Kiingereza, na shambani watu huzungumza Kinyarwanda. Basi kufafanua kufanyike kwa lugha ya shambani, waziwazi, bila mwanafunzi kukaripiwa. Mwalimu aje na mizani ndogo, kisoda na kamba yenye alama za sentimita 30. Aya moja itakula vipindi viwili, na inastahili.