Mnong'ono au Mvumo? Kuhusu Santuri ya R.E.M.

Mwalimu aliyezoea kuuhakiki wimbo kwa kuugawa katika fani na maudhui atakwama mapema akiisikiliza "Murmur", santuri ya bendi ya Kimarekani R.E.M., iliyotolewa mwaka 1983. Maneno hayasikiki. Mwimbaji, Michael Stipe, huyatafuna na kuyameza nusu. Sauti yake imezamishwa katikati ya gita la Peter Buck na besi ya Mike Mills, kana kwamba nayo ni ala tu. Wala hayakuchapishwa popote katika jalada.

Nakala tuliyo nayo ilinunuliwa kuukuu, na mwenyewe wa kwanza alijaribu kutusaidia. Ndani ya bahasha aliandika kwa penseli maneno ya nyimbo tatu kama alivyoyasikia, akaacha mapengo na alama za kuuliza. Imla imemshinda mtu ambaye, kwa mwandiko na tahajia yake, Kiingereza chaonekana kuwa ni lugha ya mama! Basi tusiyalaumu masikio yetu.

Bendi yenyewe ilizaliwa penye santuri. Buck alikuwa muuzaji katika duka la Wuxtry, mjini Athens, jimbo la Georgia, na hapo ndipo alipojuana na Stipe, mwanafunzi wa sanaa. Pamoja na Mills na mpiga ngoma Bill Berry, walipiga hadharani mara ya kwanza tarehe 5 Aprili 1980, katika jengo lililokuwa kanisa. Redio za vyuo vikuu ndizo zilizowavumisha. Muziki wa namna hiyo ukaja kuitwa roki mbadala.

Jina la santuri tulitafsirije? "Mnong'ono" ndilo jibu la haraka, bali mnong'ono una mlengwa: anongonaye humnong'oneza mtu. Mvumo, wa bahari au wa upepo, hauna mlengwa, na hata hivyo humgusa ausikiaye. Nachagua "Mvumo". Jalada laniunga mkono: laonyesha kudzu, mmea wa kutambaa uliotoka Asia ya Mashariki ukafunika miti na vibanda vya kusini mwa Marekani. Wajua kwamba chini yake pana kitu. Umbo lake waliona, chenyewe hukioni.

Sisi tumelelewa na fumbo. Lakini fumbo la taarabu huficha maana, neno likabaki wazi. Wasikilizaji hulishika, wakalirudia, wakabishania nani amekusudiwa. Hapa limefichwa neno lenyewe, na mhakiki ana haki ya kuuliza kama huu si uvivu. Katika "Perfect Circle" nasema sivyo. Piano na sauti ile ya uchovu zatosha kubeba majonzi. Dhamira imo katika pumzi ya mwimbaji, na mbinu yetu ya kuitafuta katika beti peke yake yaonyesha upungufu wake. "9-9" siwezi kuutetea: maneno yapukutika mbio, na muziki haushiki kile ambacho maneno yameangusha.

Bendi ilivunjika mwaka 2011, ikiwa imekwisha kupata umaarufu mkubwa na mwimbaji amejifunza kutamka. Katika "Green" ya 1988 walichapisha maneno ya wimbo mmoja, "World Leader Pretend". Usomapo huku ukisikiliza, sikio lawa mvivu, halitafuti tena.