Sifa ya Mchonga Funguo

Watu wa pwani yetu wamemsifu sana seremala aliyenakshi milango ya Unguja na Lamu, na kusifiwa kwake ni haki, kwa kuwa kazi ya patasi yake hukaa mbele ya macho ya kila apitaye njiani. Lakini yule aliyefanya kitasa cha mlango huo, na yule aliyefanya ufunguo wake, hawana mtu wa kuwataja, na huyu wa mwisho amezidi kusahauliwa kadiri kazi yake ilivyozidi kuwa ndogo na kuingia ndani ya mambo yasiyoonekana. Mimi nimekusudia kumsifu huyo, hususan yule wa zama zetu anayechonga ufunguo wa pili wa gari kisha akautambulisha kwa gari lenyewe, kwa sababu sioni fundi mwingine mjini aliyekusanya juu ya meza moja sanaa mbili zilizo mbali hivi, moja ya tupa na chuma, na ya pili ya elimu isiyoshikika kwa mkono, wala sioni mwingine ambaye watu humkabidhi amana kubwa kama hii kwa kumtazama usoni tu.

Ukitaka kumwona, nenda Kariakoo, Dar es Salaam, utamkuta kando ya njia chini ya mwavuli, ubao wa funguo zisizochongwa umening'inia nyuma yake na mashine iko mbele yake. Wateja wake wengi ni wenye magari yaliyotumika Japani kabla ya kuvuka bahari, na aghalabu gari la namna hiyo hushushwa bandarini na ufunguo mmoja tu, wa pili umebaki kwa mwenyewe wa kwanza au umepotelea mnadani. Mwenye gari, kwa furaha ya gari, haulizi; huendesha mwaka, huendesha miaka, hata siku ule mmoja udondokapo mtaroni ndipo atambuapo kwamba muda wote huo mali yake ya mamilioni ilikuwa imetundikwa kwenye kipande kimoja cha shaba.

Haikuwa hivi tangu awali. Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa hendeli iliyozungushwa kwa nguvu za mkono, na hata ufunguo ulipoingia kazi yake ilikuwa kuruhusu umeme upite na basi, hadi mwaka 1949 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilipotoa gari ambalo mtu huugeuza ufunguo huo huo na injini ikawaka. Mwizi mwenye bisibisi na nyundo hakushindwa na meno ya chuma. Mwaka 1986 General Motors wakatia ndani ya shina la ufunguo wa Corvette kijiwe chenye kipimo kimoja kati ya vipimo 15 vya ukinzani wa umeme, na gari likawa halikubali kuwaka mpaka lipime kijiwe hicho. Vipimo 15 si vingi kwa mwizi mwenye subira, lakini fikra ilikuwa imekwisha zaliwa. Kufika mwaka 1995 makampuni ya bima ya Ujerumani yalikuwa yameshikilia kwamba gari jipya liwe na kizuizi cha injini kinachoutambua ufunguo wake, na mwezi wa Oktoba 1998 jambo hilo likawa lazima kwa magari mapya ya abiria nchini Uingereza. Ndivyo chipu ilivyoingia katika kichwa cha ufunguo, na ndivyo mchonga funguo wa barabarani alivyolazimika kurudi chuoni bila ya kuwa na chuo.

Chipu hiyo yastahili kutazamwa kwa karibu. Fundi akikipasua kichwa cha plastiki huitoa kwa koleo ndogo akakuwekea kiganjani: kabari nyeusi ya urefu wa takriban milimita 12, haina betri, haina waya uonekanao. Wengi hudhani kwamba betri iliyomo katika ufunguo wa kuchomeka ndiyo iwashayo gari, nayo ikiisha husema ufunguo umekufa. Sivyo, betri hiyo ni ya rimoti ya milango. Chipu hula umeme wa gari: pale mtu achomekapo ufunguo, swichi imezungukwa na waya mwembamba uliosokotwa, na ndani ya waya huo gari hupitisha umeme ugeukao mara 125,000 hivi kwa sekunde, nao huamsha umeme mwingine ndani ya chipu pasipo kugusana, kwa kanuni ile aliyoidhihirisha Michael Faraday mwaka 1831. Chipu ikiisha kupata nguvu hiyo kidogo hujitaja kwa namba yake. Na katika aina zilizo bora zaidi gari huitupia swali jipya kila mara, nayo hulijibu kwa siri iliyo ndani yake bila ya kuitamka siri yenyewe. Jibu likikosekana, aghalabu starta huzunguka bure na injini isishike.

Lakini nisiitangulize sanaa ya pili mbele ya ile ya kwanza. Mashine ya kuchongea ina jiriwa mbili juu ya kitako kimoja: huku hubanwa ufunguo wa asili, kule hubanwa usiochongwa, ncha ya chuma hupapasa meno ya ule wa asili, na gurudumu lenye makali hukata huu mpya kwa kufuata mpapaso huo, unga wa shaba ukimwagika juu ya meza. Mtoto wa shule aweza kufundishwa kazi hiyo kabla ya adhuhuri, na hapo ndipo fundi na asiye fundi waachanapo. Ufunguo uliotumika miaka 15 umelika. Anayenakili ulivyo hunakili na kulika kwake, na anayenakili nakala huongeza kosa juu ya kosa, hata ukatoka ufunguo mpya unaong'aa ambao mlango wa dereva waupokea na buti laukataa. Fundi wa kweli hauamini ufunguo aliopewa. Huupima jino kwa jino, na kwa kuwa ajua kwamba kiwanda hukata kwa vimo vichache vilivyowekwa, wala hakuna kimo kati ya viwili, akikuta jino lililoketi baina ya kimo na kimo hutambua lilizaliwa juu likashushwa na miaka, naye hulirudisha mahali pake. Na kama kibati kidogo chenye namba ya ufunguo hakijapotea, huchonga kwa namba wala hauhitaji ufunguo mkongwe. Basi nakala yake hutoka imelikaribia asili kuliko asili yenyewe. Kisha huchukua tupa, akaondoa vinyweleo vya chuma vilivyobaki pembezoni ili visije vikakitafuna kitasa, na tendo hilo, ambalo mteja halioni wala halilipii, ndilo mimi hulitazama nikitaka kujua nimeketi kwa nani.

Baada ya hapo huingia ndani ya gari. Katika baadhi ya Toyota za zamani kidogo hahitaji chombo: huchomeka ufunguo wa asili, hukanyaga mafuta mara 5, hukanyaga breki mara 6, akauchomoa na kuuweka mpya, akakanyaga mafuta mara moja, kisha akatulia zaidi ya dakika moja akiikazia macho taa ya usalama katika dashibodi, ikizimika, gari limekubali. Kwa magari mengine huchomeka mashine yake chini ya usukani na kuandika humo. Njia ni mbalimbali, lakini sharti ni moja: gari halimpokei mgeni ila kwa shahada ya mwenyeji. Na si kila mwenyeji ana shahada. Kuna Toyota zilizouzwa na funguo za vichwa vyeusi na wa kichwa cha kijivu, zote zawasha, ila ule wa kijivu hauna idhini ya kumtambulisha mwenzake. Wenyeji wote wakipotea, kazi hubadilika kabisa: katika magari mengi ya zamani hufunguliwa kompyuta ya gari, hung'olewa kwa moto wa kulehemu kijichombo cha kumbukumbu chenye miguu 8, kisomwe, kiandikwe upya, kirudishwe, na kosa la mkono mmoja huliacha gari bubu. Bei ya kazi hii ni mara nyingi ya ile ya kwanza, na wanaoilalamikia ni wale wale waliokuwa wakipita mbele ya meza ya fundi kila siku na ufunguo mmoja mfukoni.

Mtu aliye na maarifa haya aweza kuondoka na gari lisilo lake mtaani, na haifai tujifanye hatulijui hilo. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza, kwa maombi ya Volkswagen, iliwazuia wataalamu wa vyuo vikuu kutangaza udhaifu walioukuta katika aina moja ya chipu, na uchunguzi wao haukutoka hadi 2015. Mimi siafiki zuio lile, kwa kuwa wezi hawangoji majarida ya vyuo. Lakini hofu iliyokuwamo naielewa, na ndiyo hofu ambayo mchonga funguo mwaminifu huibeba kila siku pasipo mahakama. Humuuliza mteja kadi ya gari. Huomba kuliona gari lenyewe. Mteja hukasirika, husema yeye ni mtu mzima anayejulikana, naye fundi hujibu kwa upole, "Samahani mzee, nitakungoja uilete," na riziki ile huenda kwa jirani asiyeuliza.

Kazi ikiisha, fundi mjuzi haridhiki kuona gari limewaka. Huuchukua ufunguo wa asili akaupeleka mbali, maana ukiwa pamoja na mpya katika pete moja chipu yake yaweza kumjibia mwenzake, na mtu akaenda zake akidhani ana funguo mbili. Huuzima moto, huuwasha tena, hufunga na kufungua kila mlango, buti, na kifuniko cha tangi kama kina kitasa, ndipo asemapo bei. Kisha humwagiza mteja akauweke wa pili nyumbani. Na wale wanaoutia katika droo ya dashibodi ya gari lilo hilo, nao si haba, humrudia wakiwa wameufungia ndani.