Kupima Sumu Iliyonaswa Bila Kuitenganisha

Maji ya Mto Suwannee, unaoanzia kwenye kinamasi cha Okefenokee huko Georgia, Marekani, yamekolea kama chai ya rangi. Kilichoyakoleza ni mboji iliyoyeyuka, masalia ya majani na miti iliyooza. DDT, dawa ya kuua wadudu, au pairini, sumu itokanayo na moshi na lami, ikiingia katika maji kama hayo, sehemu yake hunaswa na mboji. Iliyonaswa hupenya kwa shida mwilini mwa samaki, ila huchukuliwa mbali na mkondo. Ndiyo maana kujua jumla ya sumu hakutoshi; ni lazima kujua pia iliyonaswa ni kiasi gani.

Mwaka 1982, watafiti Carter na Suffet walipima mnaso wa DDT kwa mfuko wenye vitundu vidogo mno: DDT huru hupita, mboji hubaki. Ni njia ya moja kwa moja, lakini ya polepole. Tena mboji nyepesi huweza kuvuja, na sumu kunata kwenye mfuko.

Mwaka 1986, Gauthier na wenzake walieleza njia isiyotenganisha chochote. Pairini ikimulikwa kwa miale ya urujuanimno hung'aa. Ikinaswa na mboji, huzimika. Basi mboji huongezwa kidogo kidogo, na kila mara mng'ao hupimwa. Mng'ao wa mwanzo ukigawanywa kwa uliobaki, majibu yake hupanda kwa mstari mnyoofu kuanzia 1, na mwinuko wa mstari huo ndio kipimo cha mnaso. Tuseme kipimo ni lita 100,000 kwa kilo ya kaboni ya mboji, na maji yana miligramu 10 za kaboni kwa lita: nusu ya pairini imenaswa.

Ugumu uko kwenye giza lenyewe, kwani si kila mng'ao uliofifia umefifishwa na mnaso. Mboji ni nyeusi: humeza miale kabla haijaifikia pairini, na humeza mng'ao kabla haujafika kwenye kifaa. Oksijeni nayo huififisha pairini, na kuta za chombo huinyonya. Kwa sababu ya weusi wa mboji, lazima kupima pia kiasi cha mwanga ambacho mboji inameza, katika urefu wa mawimbi ya miale na ya mng'ao, kisha kusahihisha hesabu.

Asiyesahihisha ataona mnaso mkubwa kuliko uliopo, na atayaita salama maji yenye sumu. Usiiamini namba ya mnaso kabla hujaona ilivyosahihishwa.