Reli na Mzingile: Usasa katika Fasihi ya Kiswahili na Msomaji wa Ainabkoi

Neno "usasa" hubeba maana mbili ambazo uhakiki wa Kiswahili haujazitenganisha vya kutosha. Maana ya kwanza ni hali ya mambo: reli, shule, nyumba ya saruji. Maana ya pili ni msimamo wa kisanaa, yaani shaka ya msanii juu ya maumbo aliyoyarithi na jitihada yake ya kuunda mengine. Ainabkoi, iliyoko kusini-mashariki mwa Eldoret, ni mahali pafaapo kuzipambanua maana hizo. Usasa wa maana ya kwanza ulifika huko kwa garimoshi. Njia ya reli kutoka Nakuru ilipanda hadi Timboroa, kwenye kimo cha zaidi ya futi 9,000, ikapitia Ainabkoi na kufika Eldoret mwaka 1924. Usasa wa maana ya pili ulifika baadaye sana, nao ulifika kwa kitabu.

Reli ina masimulizi yake. Ina mwanzo na mwisho, na kati ya hivyo viwili vituo vinafuatana kwa mpango usiobadilika. Riwaya ya kihalisia hujengwa vivyo hivyo. Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, pamoja na ujasiri wake wa kimaudhui, bado inasafiri juu ya reli hiyo: msichana anatoka nyumbani, anakwenda shuleni, anaanguka, anaangamia, kila tukio linazaa jingine. Miongo miwili baadaye, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), mwandishi huyo huyo aling'oa mataruma. Msimulizi anasafiri, lakini safari haina ramani, wakati unajikunja, walio hai na waliokufa wanazungumza, dunia inaangamizwa na kutakiwa ianze upya. Jina la kitabu cha pili linatangaza umbo lake, kwani mzingile ni njia inayompoteza apitaye.

Shutuma ya kwanza dhidi ya vitabu hivi ni kwamba vimeazimwa Ulaya. Haiwezi kukanushwa kwamba Kezilahabi, aliyepata shahada yake ya uzamifu huko Wisconsin mwaka 1985, aliwasoma wanafalsafa wa Ulaya kwa makini. Hata hivyo, shutuma hiyo inasahau kwamba usasa wa Ulaya wenyewe ulikuwa mkopaji. Picasso alipochora wanawake wake wa Avignon mwaka 1907 alikuwa ameziona kazi za wachongaji wa Afrika, ambao hawakuhitaji kuambiwa kwamba uso unaweza kuvunjwavunjwa ili kusema ukweli wake. Aidha, Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, na ngano za Kiafrika hazijawahi kuona ajabu katika mzee anayejua yatakayokuja au mfu anayerudi kusema neno. Kilichokopwa ni sehemu tu ya mtaji.

Shutuma ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu umiliki wa umbo. Mulokozi na Kahigi walipotoa Mashairi ya Kisasa (1973), na Kezilahabi alipotoa Kichomi (1974), wanajadi waliuliza kwa haki: shairi lisilo na vina wala mizani ni shairi kwa sheria ya nani? Swali hili lina sura nyingine likiulizwa Ainabkoi. Huko Kiswahili hukutana na Kikalenjin na Kikuyu, na wengi hukipokea utungo wake shuleni. Kwa msomaji kama huyo, arudhi ni nyumba ya mwenyeji aliyoalikwa; hakuzaliwa ndani yake. Haishangazi kwamba Mulokozi na Kahigi walikiita kitabu chao kilichofuata Malenga wa Bara (1976).

Lakini utetezi huu usivutwe kupita kiasi. Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki (1973) akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, kwa kufuata arudhi, na upweke uliomo humo ni wa kisasa kama upweke wowote. Huo ni ushahidi kwamba umbo la kale halimzuii mtu kusema jambo jipya. Anayeacha vina kwa sababu hakujifunza kuvitunga hajafanya usasa, amekimbia kazi.

Usanifu wa majengo unatoa funzo la kinyume. Katika fani hiyo usasa ulidai mstari ulionyooka, ukuta usio na nakshi, na jengo linalojieleza. Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta jijini Nairobi, lililosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik pamoja na David Mutiso na kukamilika mwaka 1973, liliitangaza imani hiyo kwa zege: taifa linapanda juu. Hivyo, katika mwongo huo huo, msanifu alikuwa akinyoosha huku mshairi akivunja. Mmoja alijenga ahadi ya maendeleo. Mwingine alianza kuitilia shaka.

Historia ya Uasin Gishu imeonyesha kwamba shaka hiyo haikuwa anasa. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilichomwa katika eneo la Burnt Forest na viunga vyake. Majirani waliosoma shule moja waligeuziana silaha. Reli ilikuwapo, shule zilikuwapo, saruji ilikuwapo. Kwa msomaji aliyeyaona hayo, dunia iliyoangamizwa ya Mzingile si fumbo la kigeni, na masimulizi yaliyonyooka, yanayodai kwamba kila kituo hufuatwa na kilicho bora, ndiyo yanayohitaji kuelezwa. Si ajabu kwamba Wakenya nao, Katama Mkangi katika Walenisi (1995) na Kyallo Wadi Wamitila katika Bina-Adamu! (2002), walichagua safari za kiajabu kuihoji jamii yao.

Pamoja na hayo, dosari ibaki dosari. Nagona na Mzingile ni vitabu vyembamba vinavyomdai msomaji mengi, na mara nyingine wahusika wake wanabaki kuwa mawazo yasiyopata nyama. Rosa alikuwa na baba, njaa na aibu. Msafiri wa Nagona ana maswali tu. Hapo usasa wa Kezilahabi umelipa gharama ambayo wafuasi wake hawapendi kuitaja. Mwalimu anayevipeleka vitabu hivi darasani Ainabkoi angefanya vyema kuanza na Rosa Mistika, ili wanafunzi waione reli kwanza, ndipo waulizwe kwa nini ilibidi ing'olewe.