Glavu ya Mrushaji Ikaguliwe Kutoka Anaposimama Mpigaji

Juzi nimeona tena glavu ya besiboli ikipita mkono kwa mkono, kila mtu akiikunja na kuisifu: laini, inang'aa, inafunga vizuri. Ilikuwa na wavu wa wazi, ule wa mlinzi wa besi ya pili, na wakampa kijana anayerusha! Mpigaji gani atashindwa kuona vidole kupitia matundu yale?

Ya msingi hayana mjadala. Inchi 11.75 hadi 12. Wavu uliozibwa, na wa kusuka ndio bora kuliko yote. Ngozi iwe ngumu dukani. Inayolainika siku ya kwanza haifiki mwisho wa msimu. Kanuni za ligi kuu ya Marekani zinamkataza mrushaji glavu nyeupe au ya kijivu. Kwangu mimi zibaki nyeusi na kahawia tu.

Kisha linakuja jambo ambalo wanunuzi hawaliangalii kamwe: mgongo wa glavu. Wakishaona wavu umezibwa, wanalipa. Lakini mrushaji akitaka mpira wa kasi, vidole viwili hukaa juu ya mshono na mkono hutulia. Akitaka chenjapu, ule mpira wa polepole wa kumhadaa mpigaji, lazima auzamishe mpira kiganjani. Mkono unachimba, na glavu legevu inatanuka upande wa kidole cha mwisho. Tena kile kidole cha shahada kilichoachwa nje, mgongoni mwa glavu, kinachezacheza. Mpigaji mwenye jicho hahitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo dai kifuniko cha kidole na ukingo mgumu upande ule. Halafu mpe mwenzako aivae, wewe ukasimame anaposimama mpigaji, mita 18.44, naye abadilishe mishiko ndani ya glavu. Ukiweza kuutaja hata mmoja, usiinunue.

Wanaodhani nakuza mambo wamkumbuke mrushaji Yu Darvish. Katika mchezo wa saba wa fainali ya ligi kuu ya Marekani ya 2017 aliondolewa kabla ya kumaliza awamu ya pili. Baadaye mchezaji mmoja wa wapinzani wake, Houston, alisimulia kwamba walikuwa wakimsoma kwa namna alivyoushika upya mpira akiuingiza kwenye glavu.

Na wavu wenyewe tunaujadili leo kwa sababu mrushaji aliuwaza. Ni Bill Doak wa St. Louis aliyeipelekea kampuni ya Rawlings wazo la kuunganisha dole gumba na kidole cha shahada kwa kamba za ngozi, karibu na mwaka 1920. Muda si mrefu akaja Harry Latina, aliyebuni glavu za kampuni hiyo hadi 1961 kisha kazi ikamwendea mwanawe, Rollie. Glavu za enzi hizo zilibuniwa kwa ajili ya mchezo. Nyingi za leo zinabuniwa kwa ajili ya picha, na kamba zake hulegea upesi.

Ukinunua ya mtumba, ipekue ndani. Juni 2012 mrushaji Joel Peralta wa Tampa Bay alitolewa uwanjani Washington baada ya waamuzi kukuta lami ya msonobari, ambayo mrushaji hairuhusiwi, kwenye glavu yake, akafungiwa michezo 8. Walioomba ikaguliwe walikuwa Washington wenyewe, timu aliyoichezea 2010. Ukipapasa kiganja cha glavu ukakuta weusi unaonata, muuzaji akakuambia ni mafuta ya ngozi, mrudishie. Mafuta ya ngozi hayanati hivyo.