Wasiohesabiwa

"Mzee, Wachaga wanaanza kupanda lini kwenda kuhesabiwa?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililomsikia fundi yule akiuliza, na kikao kizima kikacheka. Kampuni ya mabasi ilikuwa inakaribia kufungua tovuti yake ya kukatia tiketi. Mameneja wamekaa na chai na vitumbua, vijana walioijenga wamejaa fahari, halafu dada huyu aliyeitwa kuipima anauliza habari za Krismasi ya Moshi, Wachaga wanaporudi kwao, safari ambayo utani huiita kwenda kuhesabiwa. Yeye hakucheka. Alitaka kujua ni wiki gani ya Desemba simu za ofisini hazishikiki, shule zinafungwa lini, mishahara inaingia tarehe ngapi, na kama watu hukata tiketi alfajiri kabla ya kazi au usiku watoto wakishalala. Kila jibu aliliandika kwa penseli kwenye daftari la mistari. Kompyuta ilikuwa bado mkobani.

Kazi yake ni kupima mzigo: kujua tovuti itabeba watu wangapi kwa mpigo kabla haijalemewa, na ikilemewa itaanza kupasukia wapi. Ni ufundi usio na shukrani. Seremala utamsifu kwa mlango, mshonaji kwa kanzu, lakini hakuna abiria aliyewahi kumwombea dua mtu aliyehakikisha ukurasa unafunguka. Anakumbukwa siku ambayo hakuitwa.

Usiku nilimwangalia akiwaumba abiria wake wa bandia. Chombo chake ni JMeter, programu ya bure iliyoanzishwa na Stefano Mazzocchi mwishoni mwa miaka ya 1990, yenye sura ya kizee ambayo vijana waliitazama kwa huruma. Wao walitaka awafyatue watu elfu moja mara moja waone kitakachotokea. Akakataa. "Binadamu anasoma," aliwaambia. "Anamuuliza mumewe. Anatafuta miwani." Basi kila abiria wake akapewa vituo vya kupumzika: anafungua ukurasa wa mwanzo, anatulia kidogo, anatafuta basi la Dar kwenda Moshi, anatulia zaidi maana sasa anatazama nauli, anachagua kiti cha dirishani, anabadili mawazo. Wengine walipangiwa kuishia kwenye malipo bila kulipa, kama tunavyofanya wote. Kisha akaongeza aina moja ya mtu ambayo vijana hawakuifikiria kabisa: yule ambaye ukurasa ukiganda anabonyeza tena, na tena, na tena. Huyo, alisema, ndiye anayeua seva. Kila akibonyeza anaacha nyuma ombi ambalo seva bado inahangaika kulijibu, ilhali mwenyewe kishalisahau.

Akaanza na watu 50. Mstari wa muda wa majibu kwenye skrini ulilala kama maji ya bwawa. Watu 100, 200, bado umelala. Ulipopita 300 ukainua shingo, na kabla ya 400 ulikuwa umesimama wima; majibu yaliyokuwa yakirudi chini ya sekunde moja sasa yalichukua sekunde 20, kisha hayakurudi kabisa. Vijana walinyamaza. Yeye alikwishafungua kumbukumbu za hifadhidata na kidole chake kilikuwa kinashuka mstari kwa mstari. Alilipata tatizo: kila mtu alipotafuta kiti, mfumo ulisoma jedwali zima la tiketi, za miaka yote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu hakuna aliyewekea jedwali lile faharasa ya kuelekeza mahali pa kutazama. Marekebisho yake yalikuwa mstari mmoja wa msimbo. Saa nane za usiku mtihani ukarudiwa na mstari ukalala tena hadi watu 900, ambako ulikutana na tatizo jingine, naye akaonekana kufurahi kulikuta. Heri nusu shari, alisema, na kwake hiyo haikuwa methali bali ratiba ya kazi.

Misingi ya ufundi huu ni mikongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1909 Mdenmark aitwaye Agner Krarup Erlang, mwajiriwa wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za namna simu zinavyoingia kwenye mitambo na kugombea laini chache zilizopo. Nyuzi zile zilikwishaoza, hesabu zimebaki. Tulichorithi kwake ni jambo ambalo mameneja hawaliamini mpaka liwafike: foleni haikui kwa hatua sawa. Kwa hesabu nyepesi kabisa ya foleni, seva iliyoshughulika kwa asilimia 90 ya uwezo wake itamchelewesha mtu mara 10 ya muda ambao angehudumiwa kama angeikuta tupu. Ikifika asilimia 95 ni mara 20. Ikifika 99 ni mara 100. Anayeona kipimo kinasoma 90 akajipongeza kwamba zimebaki kumi, hajui kwamba amekwishafika ukingoni.

Matajiri nao wameonja uchungu wa tovuti kulemewa. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya kununulia bima ya afya, iliyogharimu mamia ya mamilioni ya dola. Nyaraka zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha hadi mwisho walikuwa watu 6. Wakandarasi walipoitwa bungeni walikiri kwamba majaribio ya mfumo mzima, mwanzo hadi mwisho, yalifanyika katika wiki mbili za mwisho tu. Kikosi cha uokoaji, akiwemo Mikey Dickerson kutoka Google, kilipofika kilikuta hata dashibodi ya kuonyesha hali ya tovuti haipo. Fedha zote zile, na hakuna aliyetundika ukutani kitu cha kuonyesha kama mgonjwa bado anapumua.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote kinatoka kwa mhandisi wa zamani wa YouTube, Chris Zacharias, aliyekisimulia mwaka 2012. Miaka mitatu hivi kabla ya hapo, ukurasa wa kutazamia video ulikuwa umenenepa hadi megabaiti 1.2, na hapo video yenyewe haijaanza. Zacharias akajiwekea sharti la kuushusha chini ya kilobaiti 100. Akakata hiki, akaandika upya kile, akatupa mapambo, mpaka akafika kilobaiti 98 na maombi 14 tu kwa seva. Akaupa jina la Feather, yaani unyoya, akawapelekea watumiaji wachache ili apime.

Vipimo viliporudi, wastani wa muda wa kufunguka ulikuwa umepanda. Ukurasa uliopungua zaidi ya mara 10 ulionekana kuwa mzito kuliko ule mnene. Mtu mwingine angekata tamaa akarudisha ukurasa wa zamani. Nadhani wengi wetu tungefanya hivyo, tena kwa barua pepe yenye grafu. Bahati nzuri mwenzake mmoja aliyagawa matokeo kwa maeneo ya dunia, na hapo ndipo fumbo lilipofumbuka. Kulikuwa na ongezeko kubwa la watu kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika na hata pembe za mbali za Siberia. Kwa ukurasa wa zamani, mtu wa huko angesubiri zaidi ya dakika 20 ili video ianze, kwa hiyo hakusubiri. Alifunga akaenda zake, na aliyefunga kabla ya ukurasa kufika hakuandikwa popote. Kwa ukurasa mpya alisubiri dakika mbili. Dakika mbili ni nyingi, zinaharibu wastani wa watu wa California, lakini zinavumilika, na watu wale walikuwa wameingia kwa mara ya kwanza.

Mimi kisa hicho nilikisoma nikiwa Dar es Salaam, na nilijua wanazungumziwa kina nani. Kwa miaka mingi tulikuwa tumesimama mlangoni tukibisha, na ndani wakisoma takwimu zinazosema wageni wote wamehudumiwa vizuri.

Ndiyo maana mafundi wa kweli hawauamini wastani. Dada yule hautazami kabisa; yeye huenda moja kwa moja kwa mtu wa 99 katika kila 100, yule aliyehudumiwa vibaya kuliko karibu wote, akauliza kilichompata. Tena ana wasiwasi hata na vyombo vyake mwenyewe. Gil Tene, mhandisi wa kompyuta, amehubiri kwa miaka juu ya kasoro iliyojificha ndani ya vipimo vingi. Chombo kikituma ombi, kikasubiri jibu, ndipo kitume jingine, basi seva ikiganda sekunde 10 chombo nacho huganda sekunde 10. Wale ambao wangefika ndani ya sekunde hizo hawatumwi, kwa hiyo hawapimwi, na ripoti inatoka na ombi moja tu baya katikati ya maelfu mazuri. Kipimo kimeshirikiana na mgonjwa kuficha ugonjwa.

Sisi tuliokuwa tukilipia nusu saa kwenye intaneti kafe za Kariakoo tunakumbuka enzi ambapo kila mjenga tovuti alikuwa fundi wa namna hii, apende asipende. Kabla ya waya wa SEACOM kuzinduliwa Julai 2009, ukigusa Mombasa na Dar es Salaam, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ilipaa hadi satelaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mwanga wenyewe, pamoja na mbio zake, unahitaji karibu nusu sekunde kwenda na kurudi kwa njia hiyo, na hapo hujahesabu foleni ya kafe nzima inayogawana laini moja. Waliojenga tovuti wakati ule walikata picha, wakapunguza rangi, wakaitazama, wakaikata tena. Na pembeni ya kiungo cha picha kubwa waliandika kwenye mabano, kwa herufi ndogo, uzito wake: KB 40, KB 65, ili mtu aamue mwenyewe kama anaimudu. Kile kimabano kidogo chenye uzito wa picha nimekitamani mara nyingi. Kilikuwa na adabu ya mwenyeji anayekwambia mapema kwamba ngazi zake ni nyingi.

Kisha waya ukaja, na adabu ikaondoka na satelaiti. Siku hizi tangazo la mistari mitatu, la kikao kilichoahirishwa, linakuja limebebwa na picha iliyotoka kwenye simu ikiwa na upana wa pikseli 4,000, ikabanwa na kivinjari mpaka itoshe nafasi ya pikseli 400. Macho yanaona picha ndogo. Bando linalipia ile kubwa. Juu yake wanapokezana waheshimiwa watano wakikata utepe, na maandishi yanasubiri fonti ivuke bahari. Ukilalamika unaambiwa, "Mbona kwangu inafunguka?" Kwake ni ofisini, kwenye faiba, na simu iliyonunuliwa mwaka huu. Hajawahi kuifungua kwenye daladala la Mbagala kwa bando la kujiunga asubuhi. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini karibu na Afrika Kusini, kuna wenye tovuti za Kitanzania waliogundua siku hiyo kwamba seva yao iko Ulaya.

Katika hali hiyo najikuta natetea kitu ambacho watu hukicheka: kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani, NECTA. Zitazame za kidato cha nne. Kila shule na ukurasa wake, na ndani yake jedwali tupu: namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, divisheni, kisha masomo yote yamepangwa kwenye mstari mmoja na alama zake. Hakuna picha inayotembea, hakuna cha kubonyeza. Wabunifu wanaona haya kuzitazama. Lakini ukurasa wa namna ile umeandikwa mara moja ukawekwa. Anapokuja mzazi, seva haifikirii kitu, haiulizi hifadhidata, inampa faili lililokwisha tayari na kumgeukia anayefuata. Siku matokeo yanapotoka, nchi nzima inagonga mlango mmoja ndani ya saa ileile, na baba aliye na baa moja ya mtandao bado anaweza kuliona jina la shule ya mwanawe. Jedwali la shule nzima ni jepesi kuliko picha moja ya mkutano wa ufunguzi. Ningependa vijana wanaosomea kompyuta wapelekwe kulitazama, kama wanafunzi wa ujenzi wanavyostahili kupelekwa kwenye magofu ya Kilwa.

Badala yake wanafundishwa kuongeza seva. Mzigo ukizidi, kodi mashine nyingine; zikizidi mashine, kodi nyingine tena, na bili ya mwisho wa mwezi ni ya idara ya fedha. Jedwali lisilo na faharasa linabaki vilevile, sasa linasomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho na mashine nane badala ya moja. Na mradi ukichelewa, ambao hauchelewi ni nadra, siku zinazokatwa kwanza ni za kupima. Dada yule aliniambia kwamba siku hizi anaitwa zaidi baada ya aibu kuliko kabla yake.

Majuzi nilipitia kabrasha la zabuni la ofisi moja inayotaka tovuti mpya. Nembo imepewa ukurasa mzima: rangi zake, nafasi ya kuizunguka, pembe isiyoruhusiwa kuinamishwa. Imetajwa idadi ya picha zitakazopokezana kwenye ukurasa wa mwanzo, na picha ya mkuu wa taasisi ikae upande gani. Nikatafuta mahali palipoandikwa ni watu wangapi wataingia kwa wakati mmoja, kutoka wapi, kwa simu gani. Nilichokuta ni sentensi moja, chini kabisa: tovuti iwe ya kisasa na yenye kasi.